Buluu Haikujua Kwamba Ni Mpaka

Maji yasichemke. Hilo ndilo la kwanza.
Sufu ikishtuka hujikunja kama konokono,
na zulia la kulala wawili
likabaki la kulalia paka.
Kwa hiyo nilichochea moto kwa hesabu:
kuni mbili za mkaratusi, nikatoa moja,
nikatia kidole kwenye pipa.
Joto la maziwa ya mtoto, basi, lisizidi.
Shabu lilikwisha kuinywa tangu usiku.

Yeko alikuwa amekuja na kisu.
Matanga yameisha, akasema, tugawane.
Ng'ombe tumegawana. Mibuni tumegawana
mstari kwa mstari hadi kwenye mfereji.
Limebaki hili.

Nikamwambia, mke mwenzangu,
ukikata zulia hugawi, unafumua.
Utaondoka na nyuzi, nitabaki na nyuzi,
na mbuzi watamaliza kesi.

Akakaa juu ya jerikeni,
kisu mapajani kama anayesubiri kuletewa viazi.
Akakaa sana.
Kisha: Basi upande wangu uwe mwekundu.
Nisije nikakanyaga kwako kwa bahati mbaya.

Lilikuwa jeupe, zamani.
Chelimo alilileta begani kutoka karakana ya Binyiny
mwaka ilipofungwa, wafumaji wakalipwa walichofuma.
Miaka kumi na tisa ya chai na magoti na matope ya Kween
ililifanya rangi ya meno.
Na pale katikati, alipozoea kuweka kikombe,
doa la duara, ambalo sisi wawili, kila mmoja kwa siku zake,
tulilisugua kwa majivu na halikutoka.

Mwekundu wake, pakiti mbili za dukani Mbale.
Manjano yangu, maganda ya vitunguu
niliyoyaomba miezi miwili kwa mpika chapati,
hata akadhani nimechanganyikiwa na msiba.
Kati yetu, mstari wa nili, upana wa kiganja.
Mpaka, alisema Yeko. Mpaka, nikasema.
Tukapaka kwa magunzi ya mahindi, tumepeana migongo,
hatuzungumzi, isipokuwa Kitiyo akipita:
Usikanyage!
naye akakanyaga, akaenda shule na nyayo mbili za buluu.

Tukalifunika nailoni, juu majani ya mgomba,
tukaliacha lijipikie kwa mvuke wake.
Ukungu ukashuka mlimani saa kumi, ukalala nalo.

Asubuhi tukafunua.
Buluu haikujua kwamba ni mpaka.
Ilikuwa imetembea usiku kucha huku na huku:
kwangu imezaa kijani, kijani cha mahindi ya wiki tatu,
kwake zambarau, kama ulimi wa mtoto aliyeiba matunda ya mwitu.
Na doa, lile doa,
limekunywa rangi zote tatu na kukataa kusema ni ipi.
Jeusi. Duara. Kikombe kimerudi mahali pake.

Yeko akashika kiuno.
Kijani ni cha nani?
Sikujua.
Na hiyo zambarau? Mimi sikuinunua.

Sufu iliyolowa ina uzito wa ndama.
Mmoja hawezi. Akashika ncha yake, nikashika yangu,
tukateremka nalo kijitoni hatua kwa hatua,
sema wewe, simama, subiri, jiwe hapo,
maneno mengi kuliko ya miaka sita.
Tukasuuza mara nne. Ya nne bado maji yalikuwa ya waridi.
Halikamuliwi, nikamwonya.
Najua, akasema. Nani alikufundisha kufua sufu?
Kweli. Ni yeye.

Leo siku ya tatu liko juu ya ua.
Linanuka kondoo. Halijakauka, huku kwetu jua ni la mkopo.
Kila jioni anakuja kuligusa chini, pindoni,
anasema bado, anaondoka.

Kisu amekisahau kwangu.
Nakatia vitunguu.
Maganda naweka.